Pete za Fuvu Katika Nchi ya Koitalel

Kabla ya fedha, pambo la huku kwetu lilikuwa waya. Wanawake wa Kinandi walijizungushia waya wa chuma na wa shaba mikononi na miguuni, na ndewe za masikio, za wake kwa waume, zilitobolewa na kuvutwa hadi zikaning'inia. Waya wenyewe haukupatikana kirahisi, maana misafara ya pwani iliogopa kukatiza nchi ya Wanandi. Kisha Waingereza wakauleta bila kuagizwa. Reli yao, iliyofika Kisumu Desemba 1901, ilipita pembezoni mwa nchi hiyo, na kando yake zikatandazwa nyaya za telegrafu, maili baada ya maili, bila mlinzi. Wanandi walizikata. Waya ukageuka bangili na hereni, na vyuma vya reli vikageuka silaha. Maofisa wa serikali waliandika kwamba huo ni wizi. Upande wa pili ulikuwa na hesabu yake: reli haikuomba njia kwa mtu.

Mimi ni fundi wa vito mjini Eldoret, na ni Mnandi. Kijana akija kujifunza kazi kwangu, humsimulia habari ya waya kabla sijampa tupa mkononi. Namwambia kwamba katika nchi hii pambo na vita vilianza kusafiri pamoja zamani, asije akadhani tunachezea vitu vidogo. Siku hizi kazi inayoniletea vijana wengi zaidi ni pete na vidani vya fuvu: fedha ya 925, imetiwa weusi ndani ya matundu ya macho na katikati ya meno. Wazee wenzangu huniuliza fuvu la kichwa limefikaje kwenye kidole cha mtoto wa Kapsabet. Jibu lina njia mbili, ya fedha na ya fuvu, na kila moja ilifika Eldoret kwa wakati wake.

Nianze na fedha. Vita vya Wanandi na Waingereza vilidumu kuanzia 1895 hadi 1905. Vilipokwisha, Wanandi wakasukumwa kwenye eneo walilotengewa, na uwanda wa Uasin Gishu ukagawiwa walowezi. Mwaka 1908 walifika Makaburu kutoka Afrika Kusini wakiongozwa na Jansen van Rensburg, na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba lililojulikana kwa nambari yake tu, 64, ambayo wenyeji waliitamka Sisibo. Mwaka 1912 mji ukapewa jina la Eldoret, na mwaka huohuo benki ya Standard Bank of South Africa ikafungua tawi. Watu wa mji husimulia kwamba kasha la chuma la benki lilianguka kutoka kwenye gari, likashindikana kuinuliwa, basi kuta zikajengwa palepale kulizunguka.

Wengine hucheka habari hiyo. Mimi huwaza kilichokuwa ndani ya kasha. Pesa ya Kenya wakati huo ilikuwa rupia ya India, na rupia ilikuwa fedha ya kweli: gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 ni fedha tupu. Nikichonga leo pete nzito ya gramu 20 kwa kiwango cha 925, nahitaji gramu 18.5 za fedha tupu. Rupia mbili zingetosha na kubaki. Mwaka 1920 rupia iliondolewa ikaletwa florini, ambayo nusu yake ndiyo fedha. Hapo ningehitaji florini nne. Zikafuata shilingi zilizopigwa kuanzia 1921, zenye robo tu ya fedha, na hesabu ikapanda hadi shilingi kumi. Shilingi za kuanzia 1948 zilikuwa shaba na nikeli. Hata ukiyeyusha gunia zima, hupati fedha ya kujaza jino la fuvu. Kwa macho ya fundi, historia ya pesa za mkoloni Afrika Mashariki ni historia ya fedha kupunguzwa kidogo kidogo huku sura ya mfalme ikiachwa mahali pake.

Watu wa pwani waliijua hesabu hii karne moja kabla yetu. Masonara wa Lamu, Unguja na Omani walikuwa wakiyeyusha riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye tarehe isiyobadilika ya 1780. Uzito wake ni gramu 28 na ushei, na sehemu 833 katika 1,000 ni fedha. Riale moja ilikuwa pesa sokoni asubuhi na kikuku mguuni jioni. Mwanamke aliyevaa vikuku, mikufu na vipuli vya fedha alikuwa amevaa akiba yake; njaa ikija, sonara aliipima na kuinunua kwa uzito. Kwa hiyo vito vya pwani vilikuwa vinene, na fundi hakuona haja ya kuficha uzito.

Bara, kazi hiyo ilikuja na Wahindi, na Wahindi walikuja na reli. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea hadi Kampala mwaka 1931. Kando ya stesheni yakaota maduka ya nguo, ya sukari, ya baiskeli, na hapa na pale meza ya sonara wa Kigujarati. Hawa walifua dhahabu kwa ajili ya harusi za watu wao. Fedha ilikuwa kazi ya wateja wengine: bangili za wasichana, vikuku vya watoto wachanga, misalaba.

Nilijifunza kwa mmoja wao, tuliyemwita Bhai. Nilianza kama mfagiaji. Kufagia karakana ya sonara ni kazi ya kuaminiwa, maana vumbi lenyewe lina mali: tulilikusanya, tukalichoma na kuyeyusha kilichobaki. Bhai alikuwa na bati la sarafu za zamani. Alinifundisha kukwangua ukingo wa shilingi ya Mfalme George kwa tupa: juu ni nyeupe, chini yake ni rangi ya shaba. "Uso usikudanganye," alisema. Alisema hivyohivyo kuhusu wateja.

Mwafrika hakuingia katika kazi hii kwa hisani. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wasiokuwa raia, na Wahindi wengi walihamia Uingereza kabla mlango haujafungwa mwaka uliofuata. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90. Treni zao za kwenda Mombasa zilipita Eldoret. Walikuwa wamenyang'anywa vito na askari njiani, na Bhai alisema aliwaona akina mama wenye alama nyeupe mikononi mahali bangili zilipokuwa zimekaa miaka yote. Kuanzia hapo akaona afadhali kuwa na mwanafunzi ambaye hatafukuzwa. Basi nikapewa kiti.

Ndiyo njia ya fedha. Njia ya fuvu ilianzia mbali.

Huko Ulaya, katika karne za 16 na 17, fuvu lilikuwa pambo la watu wacha Mungu na wenye uwezo. Pete yenye fuvu ilimkumbusha mvaaji kwamba atakufa, ajiandae. Waingereza waligawa pete za namna hiyo msibani, zikiwa na jina la marehemu na tarehe ya kufa. Mfalme Charles I alipokatwa kichwa mwaka 1649, wafuasi wake walivaa pete za kumwomboleza kwa siri. Baada ya mumewe kufa mwaka 1861, Malkia Victoria alivaa nyeusi hadi mwisho wa maisha yake, na vito vyeusi vya jiwe la Whitby vikawa biashara kubwa. Ndiko vijana wa muziki wa gothiki wa London walikookota weusi na mauti yao mwishoni mwa miaka ya 1970.

Katikati hapo fuvu lilipita mikono mingine. Mwaka 1936 Mmarekani Lee Falk alianzisha katuni ya Phantom, shujaa anayeishi katika msitu wa kubuni, mwenye pete ya fuvu inayoacha chapa kwenye shavu la kila mwovu anayempiga. Miaka hiyohiyo Heinrich Himmler alikuwa akiwagawia maofisa wa SS pete za fedha zenye fuvu, na hao walikuwa wauaji kweli. Mteja akiniletea picha ya pete ya namna hiyo, kama ilivyotokea, huikataa na kumweleza kwa nini. Kisha mwaka 1978 masonara wawili wa London, David Courts na Bill Hackett, walimpa Keith Richards wa Rolling Stones pete ya fuvu ya fedha, waliyoichonga kwa kuiga fuvu halisi la binadamu. Ameendelea kuivaa tangu hapo. Pete nyingi za fuvu zinazouzwa leo duniani, hata zile za bati za Uganda Road hapa mjini, ni wajukuu wa pete hiyo.

Kwangu fuvu lilifika miaka ya 1990, likiwa kwenye ukurasa uliochanwa gazetini. Mletaji alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, kutoka Kesses, amevaa fulana nyeusi juani. Wakati huo haukuwa mzuri kwa mafuvu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na kila mtu akawa mpelelezi. Pete yenye nyoka, nyota au fuvu ilitosha kumfanya abiria mwenzako ahame kiti. Mteja wangu aliivaa pete yake chuoni, na akienda kwao aliifunga kwenye leso. Jirani yangu wa duka, mama mcha Mungu sana, aliniombea kwa sauti ili nisikie.

Aliyenifundisha kulichonga fuvu vizuri alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Alitazama kazi yangu ya mwanzo akatikisa kichwa. "Mzee, huyu hana mashavu," akasema. Akaja na kitabu chake cha mifupa akanionyesha: mfupa wa shavu unaokwenda hadi sikioni, tundu la pua lenye umbo la pea, kipaji kinachorudi nyuma. Meno ya mtu mzima ni 32. Kwenye pete nafasi ni ya nane au kumi, basi lazima uchague yapi yatasema kwa niaba ya mengine. Nilichonga upya kwa nta, mara kadhaa, hadi akaridhika.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fuvu huchongwa kwa nta ngumu, likazungushiwa plasta ndani ya kopo la chuma. Plasta ikikauka, kopo huingia tanuruni, nta ikaungua na kuacha tundu lenye umbo la fuvu. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha na 75 za shaba, huyeyuka ikifika karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Tunaimimina kabla haijapoa, tukisaidiwa na mashine ya kuzungusha ili iingie hata kwenye meno. Plasta huvunjwa, na kinachotoka ni kitu cheupe, kibaya, chenye mkia. Tupa, msasa na brashi hufuata.

Ikifikia hapo pete inang'aa yote, na fuvu halionekani. Macho, pua na meno yamejaa mwanga. Lazima litiwe weusi. Kinacholeta weusi ni salfa: ikiigusa fedha, juu yake huota ngozi nyembamba. Mafundi wenye uwezo huagiza salfa iliyopikwa pamoja na potashi, wakaiyeyusha katika maji ya moto. Bhai alitumia yai. Alichemsha yai hadi likakauka kiini, akaliponda, akalifungia kwenye bati pamoja na pete, akaenda kulala. Njia hiyo bado naitumia kwa kazi ndogo, na harufu yake ndiyo imenifanya nijulikane jengo zima. Fedha hupitia rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha buluu, kisha nyeusi. Ukiitoa mapema unabaki na buluu ambayo haitadumu. Baada ya hapo nasugua paji, mashavu na ncha za meno mpaka zing'ae, na mashimo nayaacha na giza lake. Wateja wapya huja kulalamika kwamba pete inapauka kwa juu. Nawaambia ndivyo inavyotakiwa. Kidole kitaendelea kuisugua, mashimo yatabaki meusi, na mwaka wa tano itakuwa nzuri kuliko leo. Wasiitie kwenye dawa ya kung'arisha vyombo, maana itaondoa weusi wote.

Jambo la kuangalia ni udanganyifu. Pete nyingi zinazoitwa silva mitaani zina chapa ya 925 na hazina fedha hata chembe. Chapa hupigwa na yeyote mwenye nyundo. Sumaku ikiivuta, ni chuma. Isipovutwa, kwangua kidogo kwa ndani na uweke tone la tindikali ya nitriki: likichemka kijani, umeuziwa shaba au madini yaliyochanganywa, likiacha doa la rangi ya maziwa, ni fedha. Fundi akikataa kukupimia mbele ya macho yako, ondoka.

Nimesema njia mbili zilifika Eldoret. Nadaiwa maelezo ya kwa nini fuvu lina uzito wa pekee hapa, kuliko London.

Wanandi wa zamani hawakuweka mafuvu. A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, alieleza kwamba maiti ya mtu mzima ilipelekwa nje ya makazi, fisi wakamaliza kazi. Waliozikwa ni wazee sana na watoto wachanga. Mtu kuweka kichwa cha mwenzake nyumbani, kukipima na kukiandikia nambari, ni jambo ambalo nyanya zangu wasingeweza hata kulikisia. Lakini Ulaya iliyovaa pete za fuvu ndiyo iliyokusanya pia mafuvu halisi. Watafiti wa Berlin waliochunguza mkusanyiko wa huko walitoa taarifa mwaka 2023 juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni wa Wajerumani.

Na hapa kwetu kuna Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi katika vita vile na Waingereza. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani. Kapteni Richard Meinertzhagen alimpiga risasi kwa karibu, na wenzake Koitalel waliofuatana naye wakauawa. Wazee wa Nandi wanasema kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Fimbo zake za uongozi, ambazo Meinertzhagen alizichukua, zilirudi Kenya mwaka 2006. Kichwa hakijarudi. Mfalme Charles III alipozuru Kenya mwishoni mwa 2023, viongozi wa Nandi walikidai tena.

Mji huu umeona vifo vingine pia. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kujiokoa na ghasia za baada ya uchaguzi. Baada ya hapo kwa muda mrefu hakuna aliyeniagiza fuvu, na nta ya fuvu niliyokuwa nimeianza niliiyeyusha.

Lakini wateja walirudi, na wamebadilika. Waliozaliwa baadaye huvaa fuvu bila kumhofia shetani. Wapo wapiga gitaa, waendesha bodaboda, wauguzi wa hospitali ya rufaa, hata mwanariadha mmoja aliyetaka dogo sana ili lisimsumbue mazoezini. Eldoret ilipofanywa jiji tarehe 15 Agosti 2024, mmoja aliniagiza fuvu lenye tarehe hiyo kwa ndani. Mhubiri akiniuliza kama ninauza mauti, humjibu kwamba Wakristo wa karne za 16 na 17 walilivaa kabla yetu, na walilivaa ili wasali. Kuvaa fuvu si dhambi. Ila avaaye hapa ajue kwamba katika nchi hii kuna fuvu moja ambalo si pambo, na ambalo wenyewe wanalisubiri kwa zaidi ya miaka 100.

Wapo wanaosema ni kazi bure, kwamba kichwa hakiwezi kupatikana tena. Wahehe wa Iringa waliambiwa hivyohivyo. Mtawala wao, Mtwa Mkwawa, alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, wakamkata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe, na miaka ikapita. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kulitafuta fuvu hilo katika makumbusho ya Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Leo liko Kalenga, na yeyote anaweza kwenda kuliona.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoshika funguo za makabati ya makumbusho, ya vyuo na ya familia za maofisa wa zamani huko Uingereza: fungueni, tazameni, semeni mlicho nacho. Kama fuvu la Koitalel lipo, lirudisheni Nandi Hills. Na kama halipo, leteni kumbukumbu za kuonyesha lilikwenda wapi, kwa sababu kimya si jibu.